Krauni ya jino: chuma, PFM, zirkonia au e.max? Ulinganisho kwa aliyekwama

Daktari keshamaliza kutibu mzizi, maumivu yameisha, ganzi bado imeshika nusu ya mdomo, ndo hapo anakuletea swali: sasa jino tulivalishe krauni gani? Anataja majina manne matano, kila moja na bei yake, we unaitikia kwa kichwa tu. Ukifika nyumbani unauliza kwenye grupu la familia, mjomba anasema weka dhahabu uheshimike, binamu anasema zirkonia ndo habari ya mjini, shangazi anasema ng'oa tu uachane nalo. Hii nimeiandika kwa mtu aliyekwama hapo. Mi ni fundi sanifu kwenye maabara ya meno hapa Dar, daktari anachonga jino na kuchukua kipimo, kipimo kinakuja kwetu, sisi ndo tunatengeneza hiyo krauni, kwa hiyo sina sababu ya kukupigia debe aina moja maana zote zinatuwekea ugali mezani.

Kabla ya kuchagua aina, hakikisha kwanza unahitaji krauni

Krauni inafunika jino lote linaloonekana, kuanzia juu mpaka karibu na fizi. Anayeihitaji kweli ni mtu mwenye gego lililotibiwa mzizi, au jino lililoliwa zaidi ya nusu, au lenye ufa, au lile ambalo umeliziba mara kibao na kila ukiziba linadondosha kipande kingine.

Gego lililotibiwa mzizi nalisisitiza kwa sababu watu wengi hulichezea. Likiacha kuuma mtu anaona kazi imeisha, krauni anaiahirisha mpaka baada ya sikukuu, alafu mpaka baada ya ada za shule. Ila kwa ndani lile jino limepoteza paa, zimebaki kuta zimesimama zenyewe, kila ukitafuna zinasukumwa nje kidogo, siku isiyo na jina unatafuna mkate tu ukuta unapasuka mpaka chini ya fizi, na ukishapasuka hivyo hamna tena cha kuvalisha. Jino la mbele ni tofauti, likiwa limetibiwa mzizi na sehemu kubwa bado ipo, mara nyingi kuziba vizuri kunatosha, usikubali krauni kwa sababu tu umetibiwa mzizi.

Jingine la kumuuliza daktari, na hili nakuomba uliulize kwa maneno haya haya: juu ya fizi imebaki milimita ngapi ya jino zima kuzunguka pande zote? Ikiwa ni kama 2 hivi, krauni ina pa kushikia. Ikiwa jino limeishia usawa wa fizi, hata umpe krauni ya dhahabu ya mfalme itang'oka na kipande cha jino ndani yake.

Na shangazi je, wa kung'oa? Simbezi. Kuna meno ambayo kweli ni ya kung'oa, na kung'oa leo ni bei ndogo kuliko zote. Shida inakuja baadaye, pengo la gego likikaa wazi majirani wanaanza kulalia pale, jino la juu linashuka kutafuta mwenzake, ukija kutaka kulirudisha kwa daraja, yani meno bandia yanayoshikiliwa na meno ya jirani, au kwa kupandikiza unalipa zaidi ya ile krauni uliyoikimbia.

Vigezo nitakavyotumia

Kila aina nitaipima kwa mambo yale yale. Nguvu, yani inavunjika au haivunjiki ukikutana na mahindi ya kuchoma, mua na mfupa wa nyama choma. Muonekano, jino liko wapi na nani analiona ukicheka. Kuchonga, daktari atalazimika kuondoa kiasi gani cha jino lako ili krauni iingie, maana kikichongwa hakirudi. Mfuko, yani bei ya leo pamoja na ile ya siku ikiharibika. Alafu inamfaa nani. Bei sitaandika kwa shilingi kwa sababu zinatofautiana sana kati ya hospitali ya serikali, kliniki ya mtaani na kliniki ya Masaki hapa Dar au Westlands ya Nairobi, ila ngazi ya nani ghali na nani rahisi ni ile ile karibu kila mahali.

Chuma kitupu, pamoja na dhahabu

Nguvu: Hamna inayoishinda. Tunachonga umbo la jino kwa nta, tunaizungushia unga maalumu wa kuhimili moto, nta inayeyuka na kutoka, nafasi yake tunamimina chuma kilichoyeyuka. Ikitoka ni kitu kimoja kisicho na tabaka la kubanduka. Chuma cha kawaida huwa ni nikeli na kromiamu, au kobalti na kromiamu. Dhahabu ni laini kidogo na hiyo ndo sifa yake, inalika taratibu karibu sawa na jino la kawaida kwa hiyo haimuumizi mwenzake wa upande wa pili.

Muonekano: Ni chuma, kinaonekana chuma. Kwa gego la mwisho nani anaona? Daktari wako na mwenza wako akikukuta umelala mdomo wazi. Huku Pwani dhahabu ina hadhi yake, wapo wazee wa Zanzibar na Mombasa ambao jino la dhahabu pembeni ya mdomo ni pambo kabisa, na mtu akitaka hivyo sioni kwa nini azuiwe. Ila tofautisha krauni ya dhahabu na ile kofia ya rangi ya dhahabu inayobandikwa juu ya jino zima bila kuchonga kitu, hiyo inakamata uchafu chini yake na jino linaoza kimya kimya.

Kuchonga: Kidogo kuliko zote, pembeni inatosha hata nusu milimita, juu panapotafunia kama milimita 1 hadi 1 na nusu. Jino fupi au lililobaki kidogo linaipenda chuma kwa sababu hii.

Mfuko: Chuma cha kawaida ndo rahisi kuliko zote. Dhahabu ndo ghali kuliko zote, inafuata bei ya soko la dunia na unalipia uzito. Ukiambiwa dhahabu uliza ni asilimia ngapi, kwa sababu dhahabu tupu ni laini mno kwa kutafunia, lazima ichanganywe, na mchanganyiko wa daraja la juu kabisa unatakiwa uwe na dhahabu isiyopungua asilimia 40. Rangi ya njano peke yake haithibitishi kitu.

Inamfaa nani: Gego la nyuma kabisa, mtu anayesaga meno usiku, jino fupi, bajeti ndogo. Chuma chenye nikeli hakimfai mtu ambaye ngozi yake inawashwa na hereni au mkanda wa saa wa bei rahisi, huyo mara nyingi ana mzio wa nikeli, amwambie daktari kabla kipimo hakijaja kwetu.

PFM, yani kauri juu ya chuma

Nguvu: Ndani ni chuma chembamba, juu yake tunapaka kauri kwa brashi tabaka kwa tabaka na kuichoma kwenye tanuri. Chuma hakivunjiki, kauri ndo inavunjika. Ukiwahi kuona kile kikombe cha bati cha bibi kilichopakwa rangi nyeupe, kikidondoka bati halitoboki ila rangi inabanduka na weusi unatokeza, basi PFM inaharibika hivyo hivyo. Kipande kidogo kikibanduka daktari anaweza kupachika kile kijazio cheupe cha kuzibia meno, inasaidia kwa muda, haidumu sana.

Muonekano: Nzuri kwa umbali wa mazungumzo. Ukisogea karibu inaonekana kama haina uhai hivi, kwa sababu lazima tupake tabaka zito la kuficha chuma na mwanga haupiti. Na miaka ikienda fizi ikirudi nyuma unatokeza mstari wa kijivu chini ya jino. Kwa wenye fizi zenye weusi wa asili, ambao ni wengi wetu, huo mstari hausumbui sana, ila mwenye fizi nyekundu na anayecheka mpaka fizi zinaonekana ataujua.

Kuchonga: Hapa ndo udhaifu wake. Inataka nafasi ya chuma na nafasi ya kauri, milimita 1 na nusu hadi 2. Daktari akichonga kidogo kwa kuhurumia jino, sisi tunabaki na uchaguzi wa kuifanya nene ikawa jino la farasi, au kuifanya nyembamba chuma kikachungulia.

Mfuko: Katikati. Na ina faida moja ambayo watu hawaihesabu, imekuwepo tangu miaka ya 1960, karibu kila daktari anayefanya krauni anaijua na maabara nyingi zinaiweza, kwa hiyo ikipata shida huko uliko kuna mtu wa kuigusa.

Inamfaa nani: Anayetaka rangi ya jino ila hela ya zirkonia haijafika, na mwenye daraja la meno matatu manne. Msikubali kuambiwa ni teknolojia ya kizamani haifai. Yapo mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa 2015, yalikuta kwamba baada ya miaka 5 krauni karibu 95 kati ya 100 za PFM bado zipo mdomoni, na zile za aina ya e.max hazikuwa mbali, mbili zaidi hivi. Zirkonia za kipindi hicho ndo zilikuwa nyuma kidogo, sababu nakuja nayo.

Zirkonia

Nguvu: Ni kauri, haina chuma kinachoonekana, lakini kwa kubeba mzigo inaziacha kauri nyingine mbali. Kwa kipimo cha kupinda, ile ngumu inafika megapaskali (namba ikiwa kubwa ndo nguvu zaidi) 900 hadi 1,200, wakati kauri inayopakwa juu ya PFM ni kama 60 hadi 100. Ila ziko za aina mbili na hapa ndo watu wanauziwa bila kuelezwa. Kuna zirkonia nzima, kipande kimoja kutoka ndani mpaka nje. Na kuna zirkonia iliyopakwa kauri laini juu ili ipendeze, na hiyo kauri ya juu inabanduka kama ya PFM. Zirkonia nyingi za zamani kwenye tafiti zilikuwa hizi za kupakwa, ndo maana takwimu zake zilishuka. Alafu siku hizi kuna zirkonia angavu kwa ajili ya meno ya mbele, nzuri kwa macho, lakini ule uangavu unalipiwa kwa nguvu, nyingine inashuka mpaka nusu ya ile ngumu. Kwa hiyo mtu akikwambia zirkonia haivunjiki, muulize ipi.

Jinsi inavyotengenezwa nayo inafurahisha. Inakuja kama sahani nyeupe, kabla ya moto ni laini kama chaki. Mashine inaichonga ikiwa kubwa kuliko jino lako, zaidi kwa kama asilimia 20 hadi 25, alafu inaingia kwenye tanuri la joto karibu nyuzi 1,500 na inasinyaa mpaka inakuwa saizi yako. Maabara isiyo na mashine inatuma faili kwa yenye mashine, ndo maana wakati mwingine unaambiwa subiri.

Muonekano: Ile ngumu ni nyeupe nzito, kwenye gego safi kabisa, kwenye jino la mbele inaweza kuonekana kama kipande cha sinki. Faida yake ni kwamba inaficha, jino lako likiwa jeusi ndani au lina nguzo ya chuma iliyosimikwa kwenye mzizi, zirkonia inafunika.

Kuchonga: Nafuu kuliko PFM, milimita 1 hivi hadi 1 na nusu kutegemea sehemu.

Mfuko: Juu, ingawa kadri mashine zinavyoongezeka bei inakaribiana na PFM, usishangae kukuta tofauti ndogo. Gharama iliyojificha ni siku utakapohitaji kuitoboa au kuiondoa, mfano mzizi umerudi kuuma, daktari atatumia muda na vichwa vya kuchongea kadhaa, na wengine wanakutoza hiyo kazi.

Kuna maneno kwamba zirkonia inalisaga jino la upande wa pili. Ina ukweli nusu. Zirkonia iliyong'arishwa vizuri haili jino kivile. Inayokula ni ile ambayo daktari ameipunguza juu mdomoni kwa sababu ulisema iko juu, akaiacha na mikwaruzo bila kuing'arisha tena, hiyo ni msasa. Siku ya kuvalishwa akishapunguza, pitisha ulimi, ukisikia ukwaru mwambie akang'arishe.

Inamfaa nani: Gego linaloonekana ukicheka, mtafunaji mzito, mwenye mzio wa nikeli, jino lililobadilika rangi. Haipendi sana jino fupi, kwa sababu ile tindikali ya kuikwaruza kauri ili gundi ishike haiifanyi kitu zirkonia, ushikaji wake mkubwa unategemea urefu wa jino.

e.max na ndugu zake wa lithiamu disilikati

Nguvu: Hii ni kauri ya kioo, iliingia sokoni 2005 kwa jina la e.max kutoka kampuni ya Ivoclar ya Liechtenstein, sasa hivi kuna na kampuni nyingine zinazotengeneza aina hiyo hiyo. Ina megapaskali 360 hadi 500 hivi, katikati ya kauri laini na zirkonia. Kwa meno ya mbele na magego madogo inatosha na inabaki. Kwa gego la mwisho la mtu anayesaga meno, mi nisingemshauri.

Muonekano: Hapa ndo kwake. Mwanga unaingia na kutoka kama kwenye jino la kweli, hata sisi mafundi tukiiweka kwenye mfano tunaitazama mara mbili. Lakini uwazi huo huo ni mtego, jino la chini likiwa jeusi linaonekana kwa kupitia krauni, unalipa hela nyingi unapata jino la kijivu.

Kuchonga: Milimita 1 hadi 1 na nusu. Na ina jambo zuri ambalo si lazima iwe krauni kamili, inaweza kutengenezwa kipande cha kufunika upande uliovunjika tu, jino zima likaachwa.

Mfuko: Juu, sambamba na zirkonia au zaidi. Inataka gundi maalumu na jino kavu kabisa wakati wa kubandika, mate yakiingia imeharibika, kwa hiyo hapa mkono wa daktari una thamani kuliko jina la krauni.

Inamfaa nani: Jino la mbele lenye rangi nzuri ndani, jino fupi lakini lenye enameli, yani ganda gumu la nje, ya kutosha kubandikia, mtu anayejali sana tabasamu. Si ya madaraja marefu.

Mambo yanayoweza kuharibu aina zote

Sasa niseme lililo moyoni. Watu wanabishana chuma na zirkonia, ila nyingi zinazorudi kwetu hazijarudi kwa sababu ya malighafi, zimerudi kwa sababu ya ukingo. Kipimo kinakuja, tunamimina jasi, tunapata mfano wa mdomo wako, naushika chini ya taa natafuta ule mstari ambao uchongaji umeishia. Ukiwa mkali na unaonekana kuzunguka jino lote, krauni itakaa kama imezaliwa nayo. Ukiwa umefifia upande mmoja kwa sababu fizi ilikuwa inavuja damu wakati wa kupima, mi sijui pa kuishia, napiga simu. Wapo madaktari wanaosema mrudishe mgonjwa tupime upya, na wapo wanaosema kadiria tu. Krauni ya kukadiria inaacha kijishimo ambacho chakula kinaingia, na jino linaoza chini ya kofia ambayo yenyewe ni nzima kabisa. Kwa hiyo fizi zikiwa zinatoka damu, safisha meno kwanza, subiri zipone, ndo upimwe, hata kama unaona unacheleweshwa. Kliniki yenye skana inayopiga picha mdomoni inapunguza usumbufu wa kupima ila damu na mate vinaisumbua nayo vile vile.

Rangi nayo. Kipimio kinachotumika sana ni cha VITA, kina vijino 16 kutoka A1 mpaka D4. Chagua kabla ya kuchongwa, karibu na dirisha, bila lipstiki, na mapema, maana meno yakikaa wazi yanakauka na kuonekana meupe kuliko yalivyo, ukichagua hapo utapata krauni nyeupe kuliko wenzake. Muombe daktari atupigie picha kijino kikiwa kando ya jino lako. Hasa kama umekulia Arusha, Kilimanjaro, Nakuru au Naivasha, ambako maji yana floraidi nyingi na meno mengi yana madoa ya kahawia. Tukitengeneza jino moja jeupe pee katikati ya meno ya kahawia itaonekana toka ng'ambo ya barabara. Tunaweza kupaka madoa yanayofanana, ni kazi ya brashi ndogo na subira, ila lazima tuyaone kwanza.

Na kwa kuwa nimegusa floraidi: wapo vijana wa kaskazini wanaotaka krauni meno sita manane ya mbele, yote mazima, ili kuficha kahawia. Ni biashara nzuri kwetu lakini ukiniuliza kama mdogo wangu nitakwambia subiri. Unachonga meno mazima ambayo yangeishi na wewe, na krauni zenyewe zitataka kubadilishwa mara kadhaa maishani mwako. Muulize daktari kwanza kuhusu kukwangua juu juu kwa dawa, kung'arisha, au zile ganda nyembamba za mbele tu ambazo hazichongi jino zima. Krauni iwe ya mwisho kwenye foleni.

Kitu kidogo cha mwisho hapa, krauni ya muda. Wakati unasubiri ya kweli, kwa kawaida wiki moja mbili, utavalishwa ya plastiki. Usitafune bigijii upande huo, na uzi wa meno uvute kwa pembeni, usiunyanyue juu. Ikidondoka usikae nayo mfukoni wiki nzima, meno yanasogea na krauni ya kweli ikija haiingii.

Kwa hali yako

Gego la nyuma, hela ya kubana: chuma kitupu cha kawaida, na usione aibu. Hela ikiruhusu na unataka rangi ya jino, zirkonia nzima.

Unasaga meno usiku, mwenza anakusikia: chuma au zirkonia nzima, ukiongeza na kinga ya plastiki ya kulalia. Zote za kupakwa kauri juu, achana nazo.

Jino la mbele, chini ni jeupe: e.max inaongoza, zirkonia angavu inafuata kwa karibu. Chini ni jeusi baada ya kutibiwa mzizi: muulize daktari kama linaweza kung'arishwa kwa ndani kwanza, likigoma nenda zirkonia au PFM yenye fundi mzuri.

Daraja la meno matatu na kuendelea: PFM au zirkonia, hapo bei na fundi aliyepo ndo viamue.

Una mzio wa nikeli: zirkonia, e.max, au dhahabu kama mkono unafika.

Unaishi mbali na mji: chukua aina ambayo daktari wa karibu na wewe anaweza kuigusa ikilegea, mara nyingi ni PFM au chuma. Krauni nzuri iliyobandikwa Dar na we uko Mpanda, ikilegea inakuwa safari.

Umekuja likizo kutoka Muscat au London unataka ufanye huku kwa sababu ya bei: nenda kliniki wiki ya kwanza ya likizo, si ya mwisho. Unatakiwa ubaki na siku za kutafunia ili kama iko juu irekebishwe, kwa sababu siku ya kuvalishwa bado una ganzi na ile karatasi ya rangi ya kung'atia haioni kila kitu. Na ondoka na maandishi yanayosema ni malighafi gani, daktari wa huko atakayeigusa atakushukuru.

Una kadi ya bima: piga simu kabla, uliza vitu viwili, krauni ipo au haipo, na kikomo cha meno kwa mwaka ni kiasi gani. Baadhi ya bima zinalipia kutibu mzizi zikagoma krauni kwa kusema ni urembo. Mwambie daktari akuandikie sababu, na kwa gego lililotibiwa mzizi sababu ipo.

Mtoto mwenye gego la utoto lililooza sana: hapa sahau orodha yote ya juu. Kuna krauni za chuma cha pua zilizotengenezwa tayari kwa saizi, daktari anachagua inayoingia na kuibandika siku hiyo hiyo. Kuna na njia iliyoanzishwa na daktari Norna Hall wa Scotland, ya kuivalisha bila sindano wala kuchonga, kwa jino ambalo halijafikia kuuma usiku wala kutunga usaha. Itadondoka na jino lenyewe wakati wake ukifika.

Na kama hela ya krauni haipo kabisa sasa hivi lakini mzizi umeshatibiwa: mwombe daktari azibe kwa kufunika pia zile ncha za juu za gego, siyo kujaza shimo la katikati tu, hapo kuta zinapata kitu cha kuzishika. Mua na mifupa peleka upande wa pili, na anza kuweka hela.